Mdogo wako asirudi kazini na barua ya "kazi nyepesi" peke yake

Assalamu alaykum. Ndugu uliyeuliza habari za mdogo wako, mhudumu wa mkahawa hoteli moja ya Kiwengwa, aliyevunjika mguu kwa bodaboda akenda kazini, katiwa chuma, mwezi wa nne huu yuko nyumbani, na hoteli imempigia simu kuwa aje akiwa mzima kabisa au aje achukue chake. Nimesoma majibu yote uliyopewa. Mengi ni pole na dua, Mwenyezi Mungu azikubali. Wawili wamekwambia wende WCF. Usitoe nauli ya boti bure. WCF ni mfuko wa fidia kwa wafanyakazi wa Bara, umetokana na sheria yao ya 2008, na mambo ya kazi si ya Muungano. Huku kwetu Zanzibar iko Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi nambari 15 ya 1986, iliyorekebishwa 2005, na Sheria ya Ajira nambari 11 ya 2005. Mlango wa kubisha ni Kamisheni ya Kazi. Nenda na mkataba wake na karatasi zote za hospitali, suala la ajali ya njiani uliulize huko. Na mwambie asitie saini karatasi yoyote ya kuacha kazi kabla hujafika hapo.

Sasa nikwambie yangu.

Mie ni fundi wa matengenezo hoteli moja ya upande wa Paje. Mwaka 2019 nilipanda juu ya banda la makuti kufunga kamba zilizolegea, boriti ikateleza chini ya mguu, nikashuka na kisigino cha kulia kwenye saruji. Mfupa wa kisigino ulipasuka. Wiki kumi sikukanyaga chini, natembea kwa magongo, shavu la mguu limekwisha mpaka unaliona kama la mtoto. Wiki ya kumi na nne daktari akaniandikia barua: kazi nyepesi, wiki nne. Nikafurahi kama mtu aliyepata visa.

Meneja akaisoma, naye kwa wema wake akanipa kazi nyepesi kuliko zote anazozijua yeye: kubadilisha balbu. Fikiria hapo kidogo. Balbu ni kitu chepesi, hata mtoto anaibeba. Lakini balbu iko darini, na darini hufiki ila kwa ngazi, na kutoka banda moja mpaka jengine ni mchanga mtupu. Mchangani kisigino kinazama, na kifundo kilichokaa wiki kumi hakijakunjwa hakitaki kukunjika. Siku ya tatu mguu ulivimba, kiatu hakiingii. Nikarudi nyumbani wiki tano nyengine, na meneja sasa anaamini kuwa mie si wa kurudi tena. Simlaumu. Hakuna aliyekosea pale. Daktari hajui fundi wa hoteli hufanya nini, meneja hajui kisigino kinataka nini, na mie niliyejua yote mawili nilikaa kimya kwa kuogopa kupoteza nafasi yangu.

Aliyenifungua macho ni kijana wa mazoezi ya viungo hospitalini. Alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza, "Kazi yako unaifanya vipi?" Nikamwambia mie fundi. Akasema hilo ni jina la kazi, yeye anauliza mwili unafanya nini. Akanitaka niandike kwenye daftari la skuli la mwanangu siku yangu nzima, tangu natoka nyumbani mpaka narudi. Nikaandika: kupanda gari la abiria (zile gari zetu za mbao, kidato cha nyuma kiko juu, na ndicho kilichokuwa kikinitesa kabla hata sijafika kazini), sanduku la zana kilo 14, kuchutama chini ya sinki, ngazi, mchanga, kusimama. Kila mstari tukautia alama: naweza, naweza nikisaidiwa, bado. Nikampelekea daktari karatasi ile ile, na barua ya pili ikatoka vyengine kabisa: asipande ngazi, asibebe zaidi ya kilo 5, asisimame zaidi ya nusu saa bila kukaa, aangaliwe tena baada ya wiki tatu. Meneja alipoisoma akasema, "Hii sasa naifahamu."

Bahati ikawa ni masika, wageni wachache, nusu ya vyumba vimefungwa. Nikakaa karakana nikitengeneza vitasa, viti, mapanga ya feni. Wiki mbili za mwanzo saa nne kwa siku, kisha saa sita, kisha saa nane. Mwenzangu akabeba ngazi yangu, na mie nikamfanyia kazi zake za mezani. Walikuwepo wa kunitania, "bosi wa kiti", na ukweli iliniuma kuliko mguu. Kipimo nilichopewa ni asubuhi: maumivu ya jioni yakiwa yameondoka ukiamka, endelea, ukiamka yamezidi ya jana, punguza. Mguu ulipopona nikagundua moyo bado. Siku ya kwanza kurudi kwenye ngazi nilifika kidato cha tatu mikono ikitetemeka, nikashuka. Nilianza upya kwa ngazi fupi, mwenzangu ameishika chini. Hilo pia liandikeni, msilionee haya.

Haya si mageni kwetu. Asili yangu Pemba. Ami yangu alianguka mkarafuu akawa hawezi tena kuparamia, na msimu uliofuata hakuna aliyemwambia akae nyumbani mpaka awe mzima. Alichuma matawi ya chini, alikaa na akina mama kuchambua makonyo, alisimamia uanikaji mvua ikitishia. Uchumaji wa karafuu ni kazi kumi ndani ya kazi moja, na kila mtu anaona wazi kuwa ni kumi. Hoteli nayo ni hivyo hivyo, ila mkataba umeandika neno moja tu.

Kwa hiyo mdogo wako aandike yake. Sinia lina uzito gani, hatua ngapi kutoka jikoni mpaka meza za ufukweni, anasimama saa ngapi mfululizo. Kisha atafute vipande anavyoviweza leo: kupokea oda za vyumbani kwa simu, kukaa kaunta ya malipo, kufuta glasi na kukunja vitambaa akiwa amekaa. Aombe zamu ya asubuhi, maana mguu wenye chuma huvimba kadiri siku inavyokwenda. Aende mwenyewe na magongo yake akamuone meneja uso kwa uso, asingoje simu nyengine, na asiseme amepona kama hajapona. Wakikubaliana saa chache, mshahara wa saa hizo uandikwe kabla hajaanza, pamoja na tarehe ya kuangalia upya.

Na kama daktari atasema mguu hautarudi kama ulivyokuwa, msikae ndani. UWZ, Umoja wa Watu Wenye Ulemavu, upo hapa Zanzibar tangu 1985. Nendeni mkazungumze na watu waliokwishapita njia hiyo.

Akimaliza karatasi yake iweke hapa, ufute jina la hoteli, niipitie. Watu wa mkahawa husahau kuandika vile vidato viwili vya kuingilia jikoni, na sakafu ya jikoni yenyewe, ambayo muda wote ina maji.