Walimu wapya, msiikimbilie siku ya maonyesho

Wiki hii nimepita kwenye madarasa yenu matatu kuangalia miradi ya wanafunzi. Meza zimependeza, mabango yananing'inia, lakini nikimuuliza mtoto swali anamtazama mwenzake. Nawapenda, ndiyo maana sinyamazi.

1. Anzeni na swali, si kifaa. "Tengenezeni chujio" ni agizo tu. "Maji haya ya tope tutayafanyaje yanyweke?" Hapo mtoto ana lake la kutafuta. Tangu mwaka 1918, mwanaelimu wa Marekani William Kilpatrick alipoandika juu ya mbinu ya mradi, yaani kufundisha kwa kazi ambayo wanafunzi wanaifanya wenyewe, alikazia kusudi la mwanafunzi mwenyewe. Sisi tunalifuta ili tuwahi kumaliza muhtasari wa somo.

2. Badilisheni majukumu kila kipindi. Hili nililipia. Mradi wangu wa kwanza ulikuwa chujio hilohilo: chupa iliyokatwa kitako, pamba, makaa, mchanga, kokoto. Kundi moja lilitoa maji meupe kabisa, nikalipigia makofi mbele ya darasa zima na kulipatia alama za juu. Baadaye kwenye mtihani nikauliza kwa nini maji yaliyochujwa hivyo bado yachemshwe. Kati ya watano wa kundi lile, mmoja tu ndiye aliyeandika habari ya vijidudu. Nikamwita msichana mmoja, nikamuuliza taratibu makaa yalifanya kazi gani. Akasema, "Mwalimu, mimi nilikuwa nashika chupa." Vipindi vyote vile alishika chupa! Nami nilikuwa napita hapo kila siku nikimsifu kwa utulivu wake. Mradi ungeweza kumfundisha kupima, kubishana kwa hoja na kueleza. Nilimnyang'anya yote hayo kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye maji, si kwake. Bado linaniuma.

3. Sahihisheni daftari la mradi njiani, msingoje kazi ikamilike.

4. Zuieni mikono yenu. Hili ndilo gumu kuliko yote, nanyi mna haraka mno! Mwaka uliofuata kijana mmoja alimimina maji, yakatoka meusi tii. Nilijua hakuosha makaa. Nikafunga mikono nyuma. Akamimina tena, bado meusi, ila si kama mwanzo. Akainua chupa kwenye mwanga, akakuna kichwa, kisha akawauliza wenzake, "Huu weusi si wa tope, unatoka humuhumu ndani?" Wakaanza kufungua tabaka moja moja.