Usinunue sensa ya ABS kabla hujasoma kibandiko cha mlangoni

Ndugu zangu tunaosukuma malori huku Marekani, wengi wetu tunaanza na gari kuukuu. Kwa wengine ni bei tu. Wengine wanakwepa kile kifaa cha kurekodi saa za kazi, maana sheria imeyasamehe malori yenye injini za kabla ya 2000. Basi unanunua kichwa cha zamani, yaani gari linalovuta trela, unafurahi, na wiki ya pili taa ya njano ya ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasigande ukikanyaga breki, inawaka na kugoma kuzima. Anayenipigia simu huwa anauliza sensa, kile kifaa kinachosoma kasi ya gurudumu, inauzwa wapi. Mimi humuuliza kwanza gari lilitoka kiwandani mwezi gani.

Nasema mwezi, si mwaka wa modeli. Vichwa vyenye breki za upepo vililazimishwa kuwa na ABS kuanzia vilivyotengenezwa 1 Machi 1997. Matrela na malori yasiyovuta trela yalifuata 1 Machi 1998. Herufi ya kumi ya namba ya chasisi ikiwa V, hiyo ni modeli ya 1997, ila huenda gari liliundwa mwishoni mwa 1996, na wala halikudaiwa ABS. Mwezi wenyewe umeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Huo ndio utakaokutetea kwa mkaguzi, si maneno ya aliyekuuzia.

Kuna tarehe nyingine inayosahaulika. Kichwa kilichoundwa kuanzia 1 Machi 2001 lazima kikuonyeshe hitilafu ya ABS ya trela kwenye dashibodi. Ukivuta trela ya 2005 kwa kichwa cha 1999, dashibodi itakaa kimya hata kama trela ni mbovu. Hapo tegemea kioo cha kushoto: taa ya njano iko ubavuni mwa trela, kushoto karibu na nyuma. Mkaguzi anaiona kabla hujasimama.

Sasa sensa zenyewe. Katika malori mengi ya miaka hiyo, kazi yake haikubadilika: sumaku na koili, nyaya mbili, na mbele yake ringi ya meno inayozunguka na gurudumu, kwa kawaida meno 100. Meno yakipita, sensa inazalisha umeme mdogo. Kilichobadilika ni umbo, plagi, urefu wa waya, na kipimo cha ukinzani wa umeme, kinachosomwa kwa omu. Sensa ya kampuni ya Meritor WABCO iliyo nzima inasoma kati ya omu 900 na 2000. Ya kampuni ya Bendix, aina ya WS-24, inasoma 1500 hadi 2500. Fundi akiipima ya WABCO yenye omu 1100 huku kichwani ana namba za Bendix, atakuambia imekufa, na wewe utalipa. Tena WS-24 ipo iliyonyooka na ipo yenye kona ya digrii 90, kwa hiyo nenda dukani na namba iliyo kwenye sensa ya zamani au namba kamili ya chasisi. Kusema "nina Freightliner" hakutoshi.

Lakini mara nyingi sensa haijafa, imesogea tu. Imeshikwa na kishikizo cha springi ndani ya tundu lake, na bering ya hab (kitovu cha gurudumu) ikilegea, ringi inaisukuma nyuma. Nafasi ikiwa kubwa, umeme unapungua hadi kompyuta haioni kitu. Weka vizuizi vya magurudumu, inua ekseli kwa jeki, kaza stendi, kisha zungusha gurudumu kwa mkono kama nusu mzunguko kwa sekunde, mita ya umeme ikiwa imeunganishwa kwenye sensa na kuwekwa kwenye volti za AC. Ukipata chini ya volti 0.2, isukume sensa kwa kidole gumba hadi iguse ringi, upime tena. Nyundo usiiguse. Ikirudi nyuma baada ya siku chache, shida ni bering, na hiyo si ya kucheza nayo.

Usitafute sensa kila gurudumu pia. Trela iliyoandikwa 2S/1M (S ni sensa, M ni vali inayorekebisha upepo wa breki) ina sensa mbili tu, zote kwenye ekseli moja. Kichwa cha 4S/4M kina mbili mbele na mbili kwenye ekseli moja ya nyuma.

Wenye magari mapya msicheke. Vichwa vya ekseli tatu vilivyoundwa kuanzia Agosti 2017 vinatakiwa kuwa na mfumo wa kuzuia gari lisipinduke, nao unakula taarifa za sensa hizihizi. Moja ikizingua, unapoteza na ule mfumo, na mara nyingi breki za kujifunga zenyewe mbele ya kizuizi zinaondoka nao.

Ukishatengeneza, usikate tamaa taa ikibaki. Kwa hitilafu ya sensa, mifumo ya WABCO huizima baada ya gari kutembea kupita maili 4 hivi kwa saa, kwa hiyo zunguka uwanjani kwanza.

Na siku ya kununua, washa swichi bila kuwasha injini, utazame. Taa ya ABS lazima iwake, halafu izime; kwenye baadhi ya magari haizimi mpaka uondoke. Isipowaka kabisa, huenda balbu imeungua au kuna aliyeitoa, na mkaguzi atakuandikia hilo pia.