Jibu: Kukaa Santiago kwa fedha kidogo baada ya hija

Ndugu, umeuliza utalala wapi siku tatu utakazobaki Santiago de Compostela, Hispania, baada ya kumaliza Njia ya Mtakatifu Yakobo, ile hija ya kwa miguu inayoishia mjini humo, hali mfuko umeshakauka. Usitegemee mabweni ya mahujaji ya serikali ya Galicia, jimbo lenye mji huo, kwa kuwa kwa kawaida humpokea msafiri usiku mmoja tu; afadhali uende Seminario Menor, seminari ya zamani iliyo juu ya kilima, ambako mahujaji huruhusiwa kukaa zaidi ya siku moja. Kitabu chako cha hujaji, kilichopigwa mihuri njiani, usikitupe hata baada ya kupokea cheti cha kumaliza hija, maana bado kitaulizwa mapokezini.

Chakula kinunue Mercado de Abastos, soko la mji, asubuhi. Mkate, jibini na nyanya vilinitosha kutwa nzima.

Jambo ambalo sikuwa nimeliwaza ni usingizi. Mwili uliozoea kuamka saa kumi na moja alfajiri utaendelea kuamka saa hiyo hiyo, ilhali sasa unalala chumba kimoja na watalii waliorudi usiku wa manane. Kwa hiyo panga mkoba wako jioni, kwani mchakacho wa mfuko mmoja wa plastiki gizani huamsha vitanda vyote vya ghorofa. Nami nilikaa ngazini, miguu yenye malengelenge juu ya sakafu baridi, nikisubiri kupambazuke, na kusema kweli niliikumbuka njia kwa uchungu. Ukizidiwa na hali hiyo, Finisterre, ufukweni mwa Atlantiki, ni takriban kilomita 90, na basi lipo.