Grauti ya bafuni ikipasuka, usikimbilie kununua nyingine

Kabla hujatuma mtu dukani, chukua sarafu ya mia mbili, piga magoti bafuni na ugonge marumaru zote zilizo kando ya ufa wa grauti, yaani ule ujazo wa kati ya marumaru. Iliyoshika vizuri hutoa mlio mfupi, mkavu. Iliyo na uwazi chini inalia kama debe tupu. Ukisikia huo mlio wa pili, basi grauti haina kosa: marumaru yenyewe inacheza kila mnapoikanyaga, na ukijaza grauti upya itapasuka palepale.

Nililiona hili kwenye bafu la mama yangu, Mabatini. Fundi wa kwanza alipaka saruji nyeupe juu ya nyufa, akalipwa, akaenda zake. Masika yalipoingia, mistari ikaanza kubanduka vipande vipande. Fundi wa pili, mzee mtaratibu, hakufungua hata mfuko wa vifaa. Aligonga, akaweka alama ya chaki, akagonga tena. Alama zikajipanga kutoka mlangoni hadi kwenye tundu la maji.

Upande mmoja wa bafu lile umekaa juu ya jabali, mwingine juu ya kifusi. Wenye nyumba za milimani hapa Mwanza mnalijua hilo. Kifusi kisiposhindiliwa kinadidimia polepole, jabali halisogei, na ufa hutokea vinapokutana. Ilibidi tung'oe marumaru za mstari ule, tuvunje sakafu, tushindilie upya na kumwaga zege lenye wavu wa chuma. Zikarudishwa zikiwa zimepakwa gundi mgongo mzima. Ile desturi ya kuweka madonge matano, pembe nne na katikati, naipinga kwa nguvu zangu zote, hasa bafuni. Maji yakipenya yanajaa kwenye uwazi ule na hayana pa kutokea.

Kama marumaru zote zimeshika, kwaruza grauti kwa msumari. Ikitoka unga, ilikorogwa na maji mengi au ilikauka haraka mno. Fuata kipimo cha kwenye pakiti, koroga, iache dakika tano hadi kumi, kisha koroga tena. Ikianza kukaza, usiiongeze maji, itupe. Kiangazi cha Juni hadi Agosti, upepo ukivuma, funga dirisha wakati wa kazi na ulowanishe mistari kidogo kwanza, bila kuacha maji yaliyotuama.

Grauti ya zamani ikwanguliwe angalau theluthi mbili za kina chake, maana tabaka jembamba la juu hubanduka. Mistari isiyozidi milimita 3 inataka grauti laini isiyo na mchanga, mipana zaidi inataka yenye mchanga. Ufa unaofuata pembe, ukuta unapokutana na sakafu, usiupige grauti kabisa. Pale pana mwendo siku zote. Ondoa yote, pakauke, weka silikoni, ile gundi inayonyumbulika.

Unga mweupe unaorudi kila ukifuta ni chumvi inayobebwa na maji yanayopita chini. Funga koroki zote za nyumba, kisha tazama mita. Ikiendelea kuzunguka, kuna bomba linalovuja, na kama linapita bafuni, anza na hilo. Isipozunguka, mwaga ndoo ya maji sakafuni uone kama yanakimbilia kwenye tundu au yanatuama. Grauti ya saruji haizuii maji. Kinachozuia ni dawa ya kuzuia maji inayopakwa kabla ya marumaru, ambayo wengi tunairuka ili kubana matumizi.

Weusi kwenye mistari ni kuvu. Fungua dirisha kila mkimaliza kuoga, sugua kwa brashi na sabuni. Na hapa naomba unisikilize vizuri: dawa ya klorini ya kung'arishia nguo usiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo. Hutoa gesi ya sumu, na bafu zetu ni ndogo, hewa haba. Asidi hiyohiyo pia inakula grauti, hivyo fundi akitaka kuitumia kuondoa utando wa grauti juu ya marumaru mpya, mkatalie. Sponji yenye unyevu kabla grauti haijakauka inatosha.

Ukishajaza, bafu lipumzike siku tatu. Ongea na jirani mapema, watoto wakaogee kwake.