Kushona saa tano mfululizo hakuondoi uwezekano wa ADHD

Dada wa Likoni, umeuliza: washona madera saa tano bila kuinuka, lakini fomu za kazini zinalala wiki nzima. Ni ADHD, ile hali ya ubongo inayovuruga umakini na utulivu, au uvivu kama asemavyo mumeo?

Huko kushona hakukanushi kitu. Mwenye ADHD umakini anao; tabu ni kuuelekeza. Kinachomvutia humnasa, kinachomchosha hakishikiki hata akijilazimisha. Na ukubwani ule utundu wa kukimbiakimbia mara nyingi huhamia ndani: mguu hautulii, akili haizimi. Wasichana wenye ADHD walio watulivu darasani mara nyingi hupitwa bila kutambuliwa, wengine mpaka wanazaa.

Lakini usijipachike jina bado. Daktari atatafuta dalili zilizoanza kabla ya miaka 12, na zinazokusumbua nyumbani pia, si kazini tu. Chimbua ripoti zako za shule ya msingi. Yale maoni ya mwalimu pale chini yanashinda majaribio yote ya mtandaoni. Hitilafu ya tezi ya shingo, upungufu wa damu, sonona na kukosa usingizi huleta usahaulifu uleule, kwa hivyo usishangae ukitumwa maabara. Ikiwa watafuna muguka, yale majani ya kuchangamsha jamii ya miraa, mwambie daktari wazi.

Nenda hospitali ya Coast General au Port Reitz hapo Mombasa, omba daktari wa akili. Vidonge vya ADHD vya kuazimwa usiguse: vyaweza kupandisha presha na mapigo ya moyo.

Kwa sasa, fomu moja, alamu ya dakika 15, simu chumba kingine, na mwenzako akae kando yako hata kama hasaidii. Ukianza kuwaza kujidhuru, usingoje miadi. Nenda kitengo cha dharura siku hiyohiyo.