Kwa Mnaoanza Dawati la Marekani: Namna ya Kuwasoma Wahafidhina

Swali ambalo wasikilizaji wetu huliuliza zaidi kuhusu siasa za Marekani si nani atashinda uchaguzi. Wanauliza kama wale wahafidhina ni wenzetu au si wenzetu. Mchungaji wa Mwanza anasikia kwamba wanapinga utoaji mimba, anafurahi. Sheikh wa Tanga anasikia wanataka mzazi awe na kauli juu ya anachofundishwa mwanawe shuleni, naye anafurahi. Wiki inayofuata inakuja habari ya viza, au ya fedha za dawa kusitishwa, na simu za studio hazikatiki. Wewe uliyehamishiwa dawati hili juzi ndiye utakayetakiwa kueleza, ndani ya dakika tatu, watu wale wale wamegeukaje.

Jibu fupi ni kwamba mara nyingi si watu wale wale. Wahafidhina wa Marekani ni kama wapangaji wa nyumba moja: mlango wa mbele ni mmoja, lakini kila mtu ana chumba chake, na ugomvi wa nani anunue umeme hauishi. Yupo anayetaka kodi ndogo na serikali ndogo, na dini yako haimhusu. Yupo mlokole anayeamini nchi imemsahau Mungu. Yupo mwanasheria anayeshikilia kwamba Katiba isomwe kwa maana iliyokuwa nayo siku ilipopitishwa, hata matokeo yakimuudhi. Yupo wa tangu enzi za Vita Baridi, anayetaka jeshi la Marekani lionekane kila bahari. Na yupo wa siku hizi, anayetaka ushuru wa forodha, mpaka uliofungwa na vita vya nje vikome, ambaye akimsikia yule wa kwanza akisifu biashara huria anatamani amtolee vyombo nje.

William F. Buckley, aliyeanzisha jarida la National Review mwaka 1955, alifanya kazi kubwa ya kuwakalisha pamoja. Gundi yao ilikuwa hofu ya ukomunisti. Barry Goldwater aliyabeba mawazo hayo kwenye uchaguzi wa urais wa 1964 akabwagwa vibaya, akipata majimbo sita tu. Ronald Reagan akayarudisha na kushinda mwaka 1980, safari hii makanisa yakiwa nyuma yake. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, adui wa pamoja akatoweka. Kwa hiyo ukiandika kwamba mgawanyiko wao ulianza na Donald Trump, umechelewa kama miaka ishirini na tano.

Kipimo ninachowapa kila wanaoanza ni hiki. Usimpime mhafidhina kwa anavyotetea uhuru wa mtu wake. Hilo hufanywa na kila chama duniani. Subiri ifike kesi ya mtu asiyemhusu, au asiyempenda kabisa, kisha utazame anasimama wapi. Hapo ndipo utakapojua amelala chumba kipi.

Anzieni kwenye dini, maana ndiko waliko wasikilizaji wetu. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya mfungwa Mwislamu wa Arkansas aliyetaka kufuga ndevu za nusu inchi kwa sababu ya imani yake. Magereza walikataa, wakidai ndevu zinaweza kufichwa vitu vya hatari. Majaji wote tisa walimpa haki mfungwa, na aliyeandika hukumu ni Samuel Alito, mmoja wa wahafidhina wagumu kabisa pale. Mwaka huo huo Antonin Scalia, ambaye wanasheria wa mrengo huo wanamchukulia kama mwalimu wao mkuu, aliandika hukumu iliyompa ushindi msichana wa Kiislamu aliyekosa kazi ya dukani huko Tulsa, Oklahoma, kwa sababu ya kitambaa chake cha kichwani. Wanane kwa mmoja. Na yule mmoja, Clarence Thomas, naye ni mhafidhina.

Halafu Juni 2025 ikaja kesi ya wazazi wa Montgomery County, Maryland, Waislamu na Wakristo waliofungua shauri pamoja. Walitaka waarifiwe, na waruhusiwe kuwatoa watoto wao darasani, wakati vinaposomwa vitabu vya hadithi vinavyohusu mapenzi ya jinsia moja na utambulisho wa kijinsia. Walishinda sita kwa tatu, na kalamu ilikuwa ya Alito tena. Hapa kuweni waangalifu na maneno: mahakama haikuamuru vitabu viondolewe shuleni. Ilitoa amri ya muda ya kuwaruhusu wazazi wawatoe watoto wakati kesi ikiendelea. Nilisikia matangazo ya siku ile yaliyosema "Marekani yapiga marufuku vitabu", na mengine yaliyosema dini imeshinda moja kwa moja. Yote mawili ni uvivu wa kutofungua hukumu.

Ukiishia hapo, utamwachia sheikh picha kwamba amepata ndugu. Usiishie hapo. Juni 2018, kwa kura tano dhidi ya nne, majaji wahafidhina, Alito akiwemo, waliibariki amri ya Trump ya kuwazuia watu wa nchi kadhaa kuingia Marekani, nyingi zikiwa nchi za Waislamu, jirani zetu wa Somalia wakiwa humo. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba sheria imempa rais mamlaka mapana juu ya nani aingie nchini. Sonia Sotomayor, upande wa waliopinga, aliyaorodhesha maneno ya Trump mwenyewe kuhusu Waislamu wakati wa kampeni na kusema yanaonyesha nia. Wapo wanaouona huu kuwa unafiki mtupu. Mimi naona kuna hoja ya kisheria, dhaifu kuliko wenyewe wanavyodhani lakini ipo: aliyeko ndani ya nchi analindwa na Katiba hata akiwa mfungwa, aliyeko mlangoni yuko mikononi mwa rais. Msikilizaji aisikie vizuri, kisha aikatae akitaka. Ataihitaji pia kuelewa tangazo la Trump la Juni 2025, lililoifungia Somalia na kuiwekea Burundi vizuizi vya sehemu.

Uhuru wa kusema ndio uwanja ambao kipimo changu hufanya kazi vizuri zaidi. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu iliamua, tano kwa nne, kwamba kuchoma bendera ya Marekani ni namna ya kutoa maoni na haiwezi kuwa kosa la jinai. Scalia alikuwa upande wa mchoma bendera, na miaka mingi baadaye alikuwa akiwaambia watu kwamba kama ingekuwa hiari yake angewatia ndani wote, ila yeye si mfalme. Agosti 2025 Trump alisaini amri ya kutafuta njia za kuwashtaki wachoma bendera. Wote wawili wanaitwa wahafidhina, na ukiwaweka katika sentensi moja bila kueleza umempotosha msikilizaji.

Mwezi uliofuata ulikuwa mgumu zaidi. Charlie Kirk, mwanaharakati kijana wa mrengo wa kulia, aliuawa kwa risasi tarehe 10 Septemba 2025 akiwa kwenye mdahalo chuoni Utah. Mchekeshaji wa televisheni Jimmy Kimmel akasema jambo kuhusu namna wafuasi wa Trump walivyoyapokea mauaji hayo. Brendan Carr, mwenyekiti wa tume inayosimamia utangazaji, alitoa maneno ya vitisho hadharani, na ABC, televisheni ya Kimmel, ikakisimamisha kipindi, ikakirudisha siku chache baadaye. Wahafidhina waliolalamika kwa miaka kwamba wananyamazishwa vyuoni na mitandaoni wangefanya nini sasa? Wengine walishangilia. Lakini Ted Cruz, seneta wa Republican, chama cha wahafidhina wengi, kutoka Texas, ambaye hampendi Kimmel hata kidogo, alimfananisha Carr na wahuni wa mafia, akaonya kwamba fimbo hiyo siku moja itashikwa na Wademokrati. Sauti kama ya Cruz ndiyo habari, kwa sababu haikutarajiwa. Itafuteni kila mara kabla hamjaandika "wahafidhina wanasema".

Mamlaka ya serikali katika usalama yana mkanganyiko uleule. Machi 2013 Rand Paul, seneta wa Republican wa Kentucky, alisimama Seneti karibu saa kumi na tatu akizungumza mfululizo, akimtaka Rais Obama aseme wazi kama serikali inaweza kumuua raia wa Marekani kwa ndege isiyo na rubani ndani ya nchi bila kumfikisha mahakamani. Mdemokrati Ron Wyden alikuja kumsaidia. Aliyemkejeli Paul ni John McCain, wa chama chake mwenyewe.

Bunduki nitazipitia haraka, maana zinajulikana. Hukumu ya msingi ni ya mwaka 2008, iliyosema haki ya kuwa na silaha ni ya mtu binafsi. Ila kumbukeni ile ya 2024, ambapo majaji wanane kati ya tisa walikubali kwamba mtu aliyewekewa zuio na mahakama kwa kutishia mwenzi wake anaweza kunyimwa bunduki. Thomas peke yake alikataa.

Kuhusu utoaji mimba, kosa la kawaida ni kusema Mahakama ya Juu iliupiga marufuku Juni 2022. Iliufuta ulinzi wa kikatiba uliokuwepo tangu 1973 na kuyaachia majimbo. Agosti ya mwaka huo huo wapiga kura wa Kansas, jimbo la Warepublican, wakakataa kuondoa haki hiyo kwenye katiba yao, kwa karibu asilimia 59. Novemba 2023 Ohio nayo ikaiingiza kwenye katiba yake. Mchungaji wa Mwanza akipiga simu kusema Marekani imetubu, mpeni Kansas.

Hilo la kuyaachia majimbo lina kivuli ambacho hamna ruhusa ya kukiruka. Goldwater alipiga kura dhidi ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, akisema baadhi ya vifungu vyake vinaipa serikali kuu nguvu isizopewa na Katiba. Si kwamba chama chake chote kilifanya hivyo. Bungeni Warepublican waliiunga mkono sheria ile kwa uwiano mkubwa kuliko Wademokrati, ambao walikuwa na kundi zito la watu wa Kusini. Lakini majimbo aliyoshinda, ukiondoa Arizona kwao, yalikuwa matano ya Kusini yaliyokuwa yakipigania ubaguzi. Mmarekani mweusi akisikia "haki za majimbo" huikumbuka ramani ile. Mhafidhina wa leo anaweza kuwa hana nia hiyo hata chembe, na bado ni wajibu wako kumweleza msikilizaji kwa nini upande wa pili unashtuka.

Jambo linalowasumbua zaidi wasikilizaji wetu ni namna hawa watu wanavyoiona serikali. Sisi tukikosa maji tunauliza diwani yuko wapi, mbunge yuko wapi. Mhafidhina wa aina ya zamani anaiona serikali kama mtu wa kuchungwa, na anapenda kazi za huruma zifanywe na kanisa, familia na jirani. Kutokana na hapo utadhani wote ni maadui wa misaada. Lakini mpango mkubwa wa dawa za UKIMWI, PEPFAR, ulianzishwa mwaka 2003 na George W. Bush, Mrepublican na mlokole, akisukumwa na Wakristo wenzake, na Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kunufaika. Januari 2025 serikali nyingine ya Republican ilisimamisha misaada ya nje, kliniki za huku zikabaki zinauliza nani atalipa wahudumu. Waliolalamika Washington walikuwemo wahafidhina wa kanisani walioujenga mpango ule. Mkiandaa kipindi juu ya hili, msiite mchambuzi wa siasa pekee; mleteni na mtu wa kliniki.

Kazi yenyewe ina ratiba. Hukumu kubwa za Mahakama ya Juu hutoka zaidi Juni, saa nne asubuhi ya Washington, ambayo kwetu ni saa kumi na moja jioni, wakati taarifa ya jioni inapikwa. Hamtakuwa na muda wa kusoma kurasa mia. Someni muhtasari wa mwanzo, mkijua umeandikwa na ofisa wa mahakama anayetunza ripoti za hukumu na si sehemu ya hukumu. Kisha nani ameungana na nani. Kisha kurasa za mwanzo za aliyepinga, kwa kuwa yeye ndiye atakayewaambia udhaifu uko wapi. Magazeti yanayounga mkono upande huo yasomwe yanapogombana: National Review ilitoa toleo maalumu la kumpinga Trump mapema 2016, na The American Conservative ilianzishwa mwaka 2002 na wahafidhina waliopinga vita vya Iraq. Ukitegemea televisheni ya Fox peke yake, utaandika habari ya chumba kimoja.

Muhula wa mahakama huanza Jumatatu ya kwanza ya Oktoba. Siku hiyo fungueni orodha ya kesi zilizokubaliwa, chagueni mbili zinazomgusa msikilizaji wa huku, dini moja na uhamiaji moja kwa kawaida zinatosha, mziandalie historia yake na mziweke kwenye jalada la dawati. Aliye zamu jioni ile ya Juni huenda asiwe wewe.