Maswali Yenu: Kamera za Ulinzi Kusini, Kuanzia Waya wa Getini hadi Mizani ya Korosho

Barua za toleo hili zimetoka mikoa ya Mtwara na Lindi, na karibu zote zinalalamikia jambo moja, yaani kamera mbovu. Nimezisoma kwa makini, nikaona kwamba kati ya barua tano ni moja tu inayozungumzia kamera ambayo mimi ningeibadilisha. Nyingine zinahusu waya, diski, buibui na bando. Nimezifupisha ili nafasi itoshe.

Nina nyumba ya wageni hapa Mikindani. Kamera ya getini huonyesha vizuri mchana kutwa, lakini giza likiingia inazima, inawaka, inazima tena hadi alfajiri. Fundi amekwisha kuibadilisha mara mbili na tatizo liko palepale. Je, nibadilishe kampuni ya kamera?

Mama, usinunue kamera ya tatu. Kifaa kinachougua usiku tu na kupona asubuhi mara nyingi hakipati umeme wa kutosha, na sababu yake inapatikana kwa hesabu ya kalamu na karatasi.

Umeandika kwamba adapta iko mapokezi, na kwamba kutoka hapo hadi getini ni kama mita 60. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo waya wenyewe una urefu wa mita 120. Kama fundi alitumia waya wa shaba mwembamba wa milimita mraba 0.5, ambao ndio hutumika sana kwa sababu ni wa bei nafuu, ukinzani wake, yaani jinsi unavyozuia umeme kupita, kwa urefu huo ni kama omu 4. Mchana kamera ndogo inaweza kula ampea 0.2, na hapo njiani hupotea volti 0.8 tu: kati ya volti 12 zilizotoka mapokezi, 11.2 zinafika getini na kamera inaridhika. Jua likizama, kamera huwasha taa zake za infraredi, zenye mwanga usioonekana kwa macho, matumizi yanapanda hadi kama ampea 0.5, na sasa njiani zinapotea volti 2. Kamera inabaki na volti 10 au pungufu, inashindwa, inajizima. Ikishajizima mzigo unaondoka, umeme unapanda, inawaka upya, inawasha taa, inaanguka tena. Ikiwa waya huo ni wa alumini uliopakwa shaba kwa juu, hali ni mbaya zaidi, maana alumini hukinza umeme kwa kiasi cha mara 1.6 ya shaba. Ukwangue kwa kisu: ukiona weupe ndani, umeuziwa alumini.

Fundi wako huenda atakuambia kwamba alipima akakuta volti 12 kamili, nami ninamwamini. Alipima mchana, au alipima ncha ya waya ikiwa imechomolewa kwenye kamera, na waya usiobeba mzigo haupotezi kitu. Mwombe arudi usiku, apime getini kamera ikiwa imeunganishwa na taa zake zikiwa zinawaka.

Dawa ni mojawapo ya hizi: adapta isogezwe karibu na geti ndani ya kasha lisiloingia maji, au waya ubadilishwe uwe wa milimita mraba 1.5, ambao utapoteza kama volti 0.7 tu kwa mzigo uleule. Siku utakapobadili mfumo mzima, nunua kamera za mtandao zinazopokea umeme na kutuma picha kupitia waya mmoja wa mtandao. Hizo hutumia umeme wa volti zipatazo 48, hivyo hasara ya njiani haizisumbui sana, na waya wake unaruhusiwa kufika mita 100 kutoka kwenye swichi, yaani kifaa cha mtandao ambacho nyaya za kamera huunganishwa.

Duka langu liko Lindi mjini. Wezi waliingia saa nane usiku wa kuamkia Jumamosi. Nilipotafuta kwenye mashine ya kurekodia sikukuta kitu saa hiyo. Baadaye kijana mmoja alinitafutia akaikuta picha, lakini mtu anaonekana kama kivuli, sura haitambuliki. Niliambiwa kamera hizi ni "HD".

Pole sana, ndugu yangu. Kuhusu saa, wewe si wa kwanza. Mashine ilitengenezwa na watu wanaoanza kuhesabu siku usiku wa manane, sisi tunaanza jua linapochomoza. Saa nane usiku kwa mashine ni 02:00, lakini wengi wetu hubonyeza 08:00, ambayo ni saa mbili asubuhi, au 20:00, ambayo ni saa mbili usiku. Tena "usiku wa kuamkia Jumamosi" katika kalenda ya mashine ni Jumamosi yenyewe, wala si Ijumaa. Bandika karatasi pembeni ya skrini yenye saa zetu na za mashine sambamba. Mimi ninayo, na sioni aibu.

Kama saa ya mashine yenyewe imepotea, kwa mfano inaonyesha mwaka 2000, kwa kawaida betri yake ndogo ya mviringo imekwisha na umeme ulikatika. Usikimbilie kuirekebisha. Kwanza andika saa inayoonyeshwa na saa halisi ya wakati huo, ili tofauti yake ikusaidie kutafuta tukio. Ukishatoa nakala ya picha kwenye flashi ndipo ubadili betri na kuweka majira ya Afrika Mashariki.

Sasa sura. Hii ndiyo kamera ambayo ningeibadilisha, au niseme kwa usahihi, ningebadilisha lenzi yake na mahali ilipo. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4 kinataka picha iwe na pikseli, yaani nukta za picha, 250 kwa kila mita ya upana pale mtu alipo, ndipo mtu usiyemfahamu aweze kutambuliwa. Kumbaini unayemfahamu tayari kunahitaji 125. Kamera yako ina pikseli 1,920 kwa upana, maana yake inatosha kutambulisha mtu katika eneo lisilozidi mita 7 na nusu hivi kwa upana. Lenzi ya milimita 2.8 uliyowekewa huona pembe ya nyuzi kama 100, na upana huo inaufikisha mita 3 tu mbele yake. Mlango wako, umeandika, uko mita 8. Kamera imefanya kazi iliyotumwa: imeona duka zima, na kwa sababu hiyo haikuona uso wa mtu yeyote.

Iache hiyo iendelee kutazama duka. Ongeza moja yenye lenzi ya milimita 6, inayoona eneo jembamba zaidi, iliyoelekezwa mlangoni peke yake, na usiifunge darini kwenye kona, kwa sababu kutoka huko itapiga picha za kofia. Iteremshe iwe juu kidogo ya kichwa cha mtu. Kukuza picha iliyokwisha kurekodiwa hakuongezi kitu ambacho kamera haikukiona.

Mimi ni katibu wa chama cha msingi wilayani Tandahimba. Kila msimu wa korosho tunagombana na wakulima kuhusu kilo zilizopimwa. Wanachama wameamua tuweke kamera nane ghalani. Tumeambiwa diski ya terabaiti 4 inatosha. Je, ni kweli? Na kuna jambo gani jingine la kuangalia?

Katibu, barua yako imenifurahisha kuliko zote, kwa sababu wewe umeanza na swali na wala hukuanza na bei. Wengi huweka kamera ghalani kwa ajili ya mwizi wa usiku, ilhali tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze Mtwara katika msimu wa 2007/2008, ugomvi mkubwa ghalani hutokea mchana kweupe, mbele ya mizani. Basi kamera ya kwanza kabisa iwe ya mizani, nyingine saba zifuate.

Kamera hiyo ione vitu vitatu kwa pamoja: tarakimu za mizani, gunia lililo juu yake, na mikono ya mpimaji. Ifunge mita 2 au 3 kutoka hapo. Tarakimu za mizani nyingi za kielektroniki zinazowaka rangi nyekundu huwaka kwa kupokezana, kwa kasi ambayo jicho halioni. Kamera inayofungua na kufunga jicho lake haraka mno itanasa tarakimu mbili na kuikosa ya tatu, na kilo 80 zinaweza kusomeka 8. Mwambie fundi aweke kasi ya kufungua kuwa 1/50 au 1/25 ya sekunde, na mpangilio wa umeme uwe hezi 50, kama umeme wetu ulivyo. Pia kamera isitazame mlango mkubwa wa ghala moja kwa moja, kwa sababu jua la nje litaifanya mizani iwe nyeusi. Ikiwa hakuna namna, nunua yenye uwezo wa kusawazisha mwanga mkali na kivuli, na mjaribu saa tisa alasiri kabla ya kumlipa fundi.

Tuje kwenye diski. Kamera moja inayorekodi kwa megabiti 4 kwa sekunde hujaza gigabaiti 43.2 kwa siku. Nane zitajaza 345.6, na terabaiti 4 zitakwisha siku ya kumi na mbili, kisha mashine ianze kufuta za zamani kimyakimya. Kwa mfinyazo wa H.265, njia ya kubana picha ili zichukue nafasi ndogo, mnaweza kurekodi kwa nusu ya kiasi hicho, mkapata siku kama 23. Lakini mkulima huja kulalamika akishapokea malipo, na hizo zinaweza kuwa wiki nyingi baada ya kupima. Kurekodi kamera zote nane kwa siku 60 kungehitaji zaidi ya terabaiti 10, ambazo ni fedha ya kutupa. Magunia yaliyopangwa ukutani hayahitaji kutazamwa kwa miezi miwili. Mashine nyingi zinaruhusu kutenga sehemu ya diski kwa kamera fulani. Tuseme kamera mbili kati ya hizo nane ni za mizani: ziwekeni zirekodi saa kumi za kazi kwa siku, kwa megabiti 2: kwa siku 60 zitatumia kama terabaiti 1.1 tu, na hizo sita zigawane zilizobaki. Nunueni diski zilizotengenezwa kwa ajili ya kurekodi kamera, kwa kuwa za kompyuta ya kawaida hazikukusudiwa kuandika mchana na usiku bila kupumzika.

Mashine ya kurekodia isikae ghalani wala juu ya meza ya ofisi ambako kila mgeni anaiona. Mwizi mjanja huondoka nayo. Ifungiwe katika chumba kingine, kwenye kasha la chuma lenye matundu ya hewa, pamoja na UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika, inayobeba mashine, swichi na kamera zenyewe. Nimeona mahali ambapo mashine peke yake ilikuwa na UPS, ikarekodi skrini nyeusi kwa uaminifu mkubwa. Na kwa kuwa mauzo yenu yanaingiliana na kuanza kwa mvua, waya wowote unaovuka kutoka jengo hadi jengo ni mwaliko kwa radi. Hapo tumieni waya wa nyuzi za kioo, ambao haupitishi umeme.

La mwisho kwenu ni funguo. Nywila iliyokuja na mashine ibadilishwe siku hiyohiyo. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na mashine za kurekodia nyingi sana duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani. Fundi akimaliza kazi, mumwondoe kwenye orodha ya watumiaji, hata kama ni mtoto wa nyumbani. Atakayeruhusiwa kutoa nakala awe mtu mmoja, na kila nakala iandikwe daftarini: nani, lini, ya kamera ipi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inapopima uzito wa ushahidi wa aina hii, inatazama jinsi ulivyorekodiwa na kutunzwa. Wekeni pia bango mlangoni la kuwajulisha wakulima kwamba wanarekodiwa na kwa sababu gani, na ulizeni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kuhusu usajili, kwa kuwa sheria ya mwaka 2022 inayosimamia taarifa hizo imeanza kutumika tangu tarehe 1 Mei 2023.

Niko Kilwa Masoko, karibu na bahari. Usiku kamera inaonyesha ukungu mweupe. Ina alama ya IP66, kwa hiyo maji hayaingii. Tatizo ni nini?

Zima taa za infraredi kwa dakika moja kutoka kwenye mipangilio. Ukungu ukitoweka, maana yake ni mwanga wa kamera yenyewe unaorudishwa na kitu kilicho karibu na kioo: mara nyingi utando wa buibui, ambaye hufuata wadudu wanaofuata taa, au chumvi iliyokauka. Osha kioo kwa maji baridi na kitambaa laini, usitumie thina. Wakati wa kusi fanya hivyo kila wiki.

IP66 inazungumzia vumbi na maji. Haisemi chochote kuhusu chumvi, wala haihusu mkia wa waya unaoning'inia nyuma ya kamera na maungio yake. Ukikuta rangi ya kijani kwenye maungio, kata, unganisha upya, paka grisi ya silikoni na uyaweke ndani ya kasha, huku waya ukishuka chini kidogo kabla ya kuingia ili maji yadondoke nje.

Nimenunua kamera ya sola yenye laini ya simu kwa shamba langu la Nachingwea. Bando la mwezi linakwisha kwa siku mbili.

Mdogo wangu, kamera yako inapeleka picha mfululizo. Hata kwa megabiti 2 tu, hizo ni gigabaiti 21.6 kwa siku. Weka kadi ya kumbukumbu ndani yake irekodi humo, kisha iamuru itume taarifa pale tu inapomwona mtu. Ukiacha mpangilio wa "mwendo wowote", kila upepo unaotikisa mikorosho utakuamsha usingizini na kukutoza. Paneli iondoe kwenye kivuli cha mti, iinamishe kidogo kuelekea kaskazini, na ukienda shambani ipanguse vumbi.